Sikukuu Nayo Hufika Kazini

Tunapozungumza juu ya sikukuu, fikira zetu hukimbilia nyumbani. Tunawaona watoto ndani ya nguo mpya, tunaisikia harufu ya pilau, tunawakumbuka jamaa watakaofika kwa basi la usiku. Ni mara chache tunapokumbuka mahali pengine ambapo sikukuu hubisha hodi kabla haijaufikia mlango wa nyumba, yaani kazini. Karani mezani pake, fundi katika karakana, muuguzi wodini, mpishi wa kantini na mlinzi wa getini, wote hao huiona sikukuu ikikaribia wakiwa wamo katika shughuli zao. Na wengine miongoni mwao, siku yenyewe huwakuta papo hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka saa za kawaida za kazi katika Tanzania Bara zisizidi 45 kwa juma. Ukiziongezea saa hizo mwendo wa asubuhi na jioni katika jiji kama Dar es Salaam, utaona kwamba wako wazazi wengi ambao huwatazama wenzao wa kazini kwa muda mrefu kuliko wanavyowatazama watoto wao wakiwa macho. Basi kuta za mahali pa kazi si kuta za wengine. Ni kuta za maisha yetu, na kuzipamba wakati wa sikukuu si mchezo wa kitoto kama baadhi ya watu wanavyodhani.

Hata hivyo, si kila pambo huinua moyo. Liko pambo linalong'aa na kumwacha mfanyakazi akiwa vile vile alivyokuwa, na liko jingine la karatasi na uzi ambalo humfanya atembee kwa wepesi siku nzima. Tofauti yao haiko katika bei. Ili kuiona vizuri, na tuwatazame kwanza wafanyakazi wa nchi nyingine ambao mapambo yao yameingia katika historia.

MTI WA WAJENZI

Mwaka 1931 nchi ya Marekani ilikuwa imo katika dhiki kubwa ya uchumi iliyofuata kuanguka kwa soko la hisa la New York mwezi Oktoba 1929. Viwanda vilifungwa, benki zilianguka, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Katikati ya mji huo wa New York, hata hivyo, palikuwa na eneo moja lililojaa vumbi na kelele za nyundo. Hapo ndipo yalipokuwa yakijengwa majumba ya Rockefeller Center. Mtu aliyepata kibarua mahali pale alijihesabu kuwa na bahati, maana jirani yake huenda alikuwa akipanga foleni ya mkate wa bure.

Wajenzi hao walichanga fedha zao wakanunua mti mmoja wa jamii ya misonobari, wenye urefu wa kiasi cha meta 6, wakausimamisha katikati ya kiwanja cha ujenzi. Hawakuwa na fedha za kununulia mapambo ya dukani. Mti ukavishwa makoja ya karatasi, vitunda vyekundu vilivyotungwa katika uzi, na makopo matupu ya bati. Baadhi ya makoja hayo yalitengenezwa na jamaa zao majumbani. Siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka huo, wafanyakazi walijipanga mstari kando ya mti ule, katika tope na mbao za ujenzi, wakipokea mishahara yao. Picha ya mstari huo ipo hadi leo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1933, wakuu wa majumba hayo waliifanya desturi hiyo kuwa rasmi. Wakaweka mti mkubwa zaidi, wa kiasi cha meta 15, wenye taa 700. Siku hizi mti wa mahali hapo hutazamwa na watu wengi kutoka pande zote za dunia. Lakini chanzo chake hakikuwa amri ya mkurugenzi wala shauri la mfanyabiashara. Chanzo chake ni vibarua waliovaa mabuti yenye tope.

Ndugu msomaji, litazame jambo moja katika picha ile. Mti umesimama kando ya meza ya mshahara. Haukuwekwa mahali pa mshahara. Hilo ni fundisho tutakalolirudia.

MAKOPO YALIYOPAA ANGANI

Mfano wa pili unatoka mahali ambapo hata wazo la kwenda dukani halikuwezekana. Mwezi Novemba 1973 Wamarekani watatu, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, walirushwa hadi katika Skylab, kituo cha utafiti kilichokuwa kikiizunguka dunia. Walikaa humo siku 84, wakarejea Februari 1974. Kwa hiyo Krismasi iliwakuta huko juu, mbali na wake zao na watoto wao.

Watu hao walikuwa wamechoka. Ratiba yao ilikuwa imebanwa mno, na majuma ya mwanzo walikuwa wakikimbizana na saa bila ya kupata nafasi ya kupumua. Hata siku yenyewe ya Krismasi, Carr na Pogue walitoka nje ya chombo wakafanya kazi kwa muda wa saa 7 hivi. Pamoja na hayo yote walipata wasaa wa kuunda mti. Walichukua makopo ya chakula waliyokwisha kuyatumia, wakayaunganisha yakafanya umbo la mti, wakayabandika karatasi za rangi, na kileleni wakaweka pambo la karatasi ngumu lenye umbo la nyota yenye mkia, kwa sababu wakati huo walikuwa wakiichunguza nyota ya namna hiyo iitwayo Kohoutek.

Je, mti ule uliwaondolea uchovu? La. Uchovu ulipungua mwishoni mwa Desemba, baada ya wao kuzungumza waziwazi na wasimamizi wao waliokuwa duniani na ratiba kulegezwa. Lakini mti uliwapa kitu kingine ambacho ratiba haiwezi kukitoa. Ulilifanya lile bomba la chuma lifanane kidogo na nyumbani, na siku ile isifanane na siku nyingine.

SIRI ILIYOMO

Mifano hii miwili, mmoja wa topeni na mwingine wa angani, inakutana katika kopo tupu. Kopo ni takataka mpaka mkono wa mtu uliguse. Likiisha kuguswa, likakatwa, likapakwa rangi na kutundikwa, huwa ni ushahidi kwamba hapa yupo mtu aliyewafikiria wenzake. Huo ushahidi ndio unaoinua moyo. Kumetameta kwa bati ni nyongeza tu.

Ndiyo maana mapambo yanayoletwa usiku na watu wa kukodi na kutundikwa kabla wafanyakazi hawajafika, hayana nguvu hiyo hata yakiwa ya thamani kubwa. Katika hoteli au duka kubwa mapambo ya namna hiyo yana kazi yake, maana yamewekwa kwa ajili ya mgeni. Lakini mfanyakazi anayepita chini yake hujiona kama mpita njia katika nyumba ya mtu. Mara nyingi utakuta ukumbi wa mapokezi umepambwa ukapambika, huku bohari, jiko na chumba cha walinzi vikiwa vitupu. Kwa kufanya hivyo ofisi imetangaza, bila ya kutamka neno, ni nani anayestahili sikukuu na ni nani asiyestahili.

Pambo lililotengenezwa kwa pamoja lina tabia nyingine njema. Huwapunguzia watu vyeo kwa muda. Mkuu wa idara asiyejua kukunja karatasi hufundishwa na mhudumu anayejua. Kijana aliyeanza kazi juzi hupanda ngazi, na mzee wa miaka thelathini kazini humshikia ngazi isiteleze. Watu wawili ambao tangu Machi hawajasalimiana vizuri hujikuta wameshika ncha mbili za utepe mmoja, na mmoja wao hana budi kumwambia mwenzake avute. Hayo hayawezi kununuliwa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mkono mmoja haufungi utepe.

MALIGHAFI IKO JIRANI

Hapa kwetu hakuna sababu ya kusubiri mapambo ya plastiki kutoka ng'ambo. Watu wa pwani wamejua kupamba tangu zamani. Kuti bichi la mnazi, likipasuliwa katikati na kufungwa kwenye miimo ya mlango, hufanya tao la kijani ambalo hupendeza arusini, katika maulidi na katika kuwapokea wageni. Mafundi wa kusuka hutengeneza kwa ukindi wa kuti ndege, panzi na nyota, vitu ambavyo watoto huvipenda kuliko vile vya dukani.

Mvinje unaoota kando ya bahari, ingawa si ndugu wa msonobari, una majani membamba yanayofanana na sindano, na matawi yake yamewafaa watu wengi wa pwani badala ya ule mti wa Krismasi wa Ulaya. Na uko mti mwingine ambao umejitwalia jina hilo wenyewe, yaani mkrismasi. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, na kwetu huwasha maua yake mekundu kando ya barabara zetu mwezi Novemba na Desemba, bila ya kudai hata senti moja ya umeme. Kitawi kimoja katika chupa ya maji huyabadilisha macho ya chumba kizima.

Yako pia mapambo ya pua. Asumini zilizotungwa, mrehani, na kikuba kilichofungwa vizuri hutangaza sikukuu hata kwa mtu aliyefumba macho. Siku chache kabla ya Idd, chumba kinachonukia asumini kimepambwa hata kama hakuna kilichotundikwa ukutani.

Kwa wale walio mbali na minazi, karatasi inatosha. Ofisi yoyote hutupa kila juma karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Zikatwe vipande vya upana wa vidole viwili, zipakwe rangi, kisha ziunganishwe pete kwa pete kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, nazo zitafanya mkufu wa kupita dari nzima. Karatasi zenye siri za watu, kama za mishahara au za matibabu, zisitumike. Vipande vya kitambaa kutoka kwa fundi cherehani hufanya vibendera. Makopo ya maziwa yakitobolewa kwa msumari hufanya vitaa vya kupendeza, ambavyo ndani yake huwekwa balbu ndogo ya betri.

Tena kazi hii haina lazima ya kukomea ofisini. Wajenzi wa mwaka 1931 walipata makoja yao kutoka majumbani. Mfanyakazi akirudi na furushi la karatasi Jumamosi, watoto wataifurahia kazi hiyo kuliko anavyodhani. Na mtoto atakayejua kuwa nyota yake imetundikwa juu ya meza ya mama yake, hataiona tena kazi ya mama kuwa ni kitu kinachomnyang'anya mzazi tu. Naye atakuwa na sehemu yake mahali pale.

SIKUKUU YA NANI?

Katika mahali pa kazi pa pamoja, swali hili halikwepeki. Wako Waislamu, wako Wakristo, wako Wahindu ambao huwasha vitaa vyao wakati wa Divali, na wako wengine. Mtu anaweza kuona afadhali kuacha kuta tupu ili asimuudhi yeyote. Lakini ukuta mtupu haumheshimu yeyote. Huwanyima wote sawasawa.

Njia iliyo bora ni kila sikukuu kupewa zamu yake. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwa sababu hiyo Idd huzunguka katika misimu yote kwa muda wa miaka kama 33. Upo wakati ambapo sikukuu hizi hukaribia kugusana. Mwishoni mwa Desemba 2000, Krismasi na Idd el Fitr ziliachana kwa siku chache tu, na hesabu za mwezi zinaonyesha kuwa zitakaribiana tena Desemba 2033. Katika miaka ya namna hiyo mkufu mmoja wa karatasi unaweza kuzitumikia sikukuu zote mbili bila ya kuteremshwa.

Linalotakiwa ni kuulizana. Mwenye sikukuu yake ndiye anayejua lipi ni la heshima na lipi si la kuchezewa. Maandishi matakatifu, kwa mfano, hayafai kubandikwa mahali yatakapokanyagwa au kutupwa pamoja na taka. Na asiyependa kushiriki asilazimishwe, wala asinuniwe. Furaha ya kulazimishwa haidumu.

WALE WA ZAMU

Wako wafanyakazi ambao kalenda nyekundu haiwafungulii mlango. Mtambo wa maji lazima usukume maji, umeme lazima uwake, meli haingoji, tanuri la mkate halizimwi, na mgonjwa haachi kuugua kwa sababu ya sikukuu. Kwa mapatano ya siku nyingi, katika sehemu nyingi za kazi Mwislamu humshikia zamu Mkristo siku ya Krismasi, na Mkristo hulipa deni hilo siku ya Idd. Huo ni uungwana unaopaswa kusifiwa kuliko unavyosifiwa.

Kwa watu hao mapambo yana maana kubwa kuliko kwa wote. Muuguzi wa usiku katika wodi ya watoto hana sikukuu nyingine ila ile atakayoikuta ukutani, na mtoto aliye kitandani vile vile. Mlinzi anayeukabili usiku wa mkesha peke yake, akikuta vibendera vimefungwa mlangoni mwa kibanda chake na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kawa, anajua kuwa hakusahauliwa. Kwa hiyo, wanaopanga mapambo waanzie pale ambapo patakuwa na mtu siku yenyewe ya sikukuu. Ofisi itakayofungwa kwa kufuli siku hiyo ije mwisho.

Lakini hapa ndipo tunapolirudia lile fundisho la meza ya mshahara. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mapambo hayalipi deni hilo. Maputo hayawezi kuwa jibu kwa mtu anayedai malipo yake, wala wimbo wa sikukuu hauwezi kuwa jibu kwa mtu aliyeomba mapumziko. Mahali ambapo haki imetimizwa, pambo dogo huwa kubwa. Mahali ambapo haki imefichwa, hata pambo kubwa huonekana kama kejeli, na wafanyakazi hulitazama kwa kuguna.

MOTO NA MICHANGO

Mambo mawili huweza kuiharibu furaha hii, nayo ni moto na fedha.

Zamani watu wa Ulaya waliwasha mishumaa juu ya miti yao, na wenye hadhari waliweka ndoo za maji au mchanga karibu. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison, alipamba mti nyumbani kwake New York kwa taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na buluu. Tangu hapo mishumaa ilianza kuondoka polepole, lakini hatari haikuondoka yote. Tawi lililokauka hushika moto upesi sana. Waya uliochunika, au soketi moja iliyobebeshwa mizigo mitano, huweza kuunguza bohari zima. Basi taa zizimwe kila watu wanapoondoka. Karatasi zisikaribie feni, jiko wala balbu yenye joto. Na mlango wa dharura pamoja na mtungi wa kuzimia moto visifunikwe na pambo lolote. Katika karakana, hakuna utepe unaofaa kuning'inia karibu na mashine inayozunguka.

Kuhusu fedha, mchango uwe wa hiari na kiwango chake kiwe kidogo. Mwezi wa sikukuu una nauli, una nguo za watoto, na nyuma yake unakuja mwezi wa ada za shule. Si vyema jina la mtu kuandikwa ubaoni kwa sababu hakutoa. Asiye na fedha anayo mikono, na tumekwisha kuona kuwa mikono ndiyo yenye thamani. Anayekusanya aeleze kilichopatikana na kilichotumika, hata kama ni shilingi elfu chache. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichohesabiwa huleta maneno.

KUYATEREMSHA

Ipo desturi mbaya ya kuyaacha mapambo yakining'inia hadi yamefifia, yamejaa vumbi na kudondoka yenyewe. Pambo la Desemba likionekana ukutani mwezi wa Machi halikumbushi furaha tena, linakumbusha uvivu. Mikono iliyoyatundika iyateremshe pamoja, na siku ya kuyateremsha ijulikane tangu siku ya kuyatundika. Makuti na matawi yarudi ardhini yawe mboji. Vibendera vya kitambaa vifuliwe, vikunjwe na kuwekwa katika sanduku moja lenye jina, pamoja na vitaa vya makopo, vingoje sikukuu ijayo, iwe ya nani.

Baada ya miaka michache sanduku hilo litakuwa na historia yake. Ndani yake itakuwamo nyota iliyokatwa na mtu ambaye sasa amestaafu, na vibendera vilivyoshonwa na mwenzetu ambaye hatunaye tena duniani. Wakati wa kulifungua, wageni kazini wataambiwa habari za watu hao. Kwa gharama ya karatasi, uzi na kopo tupu, kundi la watu waliokusanywa na ajira tu litakuwa limepata kitu ambacho jamaa wengi wanacho, yaani kumbukumbu yao wenyewe.

Sikukuu yoyote iliyo karibu nawe, ndugu msomaji, haihitaji zaidi ya mkasi mmoja na wenzako watatu kuanza.